Mtoto wa Gorogoro Moja

Wacha nianze na ile ya aibu tumalizane nayo: mimi niliwahi kumtia mdogo wangu ndani ya gorogoro. Na haikuwa mchezo. Nilimshika makwapani, nikamshukisha polepole, miguu kwanza, ndani ya ule mkebe watu hupimia maharagwe sokoni, na rafiki yangu Moraa alikuwa amepiga magoti akishikilia mkebe usipinduke. Tulikuwa tumenyamaza kama watu wanangoja kubatizwa. Mtoto alikuwa mdogo vile huwezi amini, sisi tulikuwa darasa la tatu, na kwa akili yetu hiyo ilikuwa kazi ya hospitali.

Nimekumbuka hii maneno yote juu ya jirani yangu hapa Nyakoe. Mimi nauza chai na mandazi, yeye anauza nafaka. Juzi alinunua mzani wa betri, ile ya kuwaka namba nyekundu, na gorogoro yake ya miaka na miaka akaitupa nyuma ya kibanda changu. Nikaiokota. Ilikuwa tu mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, kama gorogoro zingine zote; mafuta ikiisha, mkebe unapandishwa cheo unakuwa mzani. Nikaingiza pua ndani. Vumbi ya maharagwe, kutu kidogo, na kule chini kabisa harufu ya mafuta ambayo ilikaangia watu chapati kabla sijaolewa. Nikabaki nimesimama hapo na kichwa ndani ya mkebe mpaka mteja akauliza kama nimepoteza kitu.

Shule mimi niliacha form two. Hesabu ilikuwa imeniacha mapema, kama darasa la tano hivi, lakini tuliendelea kukaa pamoja kwa heshima. Utafiti ndio sijawahi kuacha. Kwa kibanda changu nimegundua mambo ambayo naona hata vyuo vikuu hawajafikia. Kwa mfano, mandazi haipimwi kwa ukubwa. Inapimwa kwa chai inayokunywa. Mandazi ya leo asubuhi inakunywa robo kikombe. Ya jana inakunywa nusu. Ya juzi inamaliza kikombe yote na inabaki na kiu, na mwenye kuila anaangalia chini ya kikombe kama mtu ameibiwa. Kuna fundi wa viatu huniambia, "Kemunto, hii mandazi yako inakunywa kuliko mimi." Namwambia, "Basi ilipie chai yake."

Nafikiri huu ugonjwa wa kupima nilizaliwa nao. Kwetu ni upande wa Ikonge, kwa majani chai, na nilipokuwa mdogo kila kitu kilikuwa na kipimo chake na karibu hakuna kipimo kilikuwa na namba. Kutoka sokoni mpaka nyumbani ilikuwa pingili nne za muwa, kama una meno. Magokoro, yaani nyanya yangu, kwake ilikuwa pingili moja, juu alikuwa ananyonya tu. Soda ilipimwa kwa vidole: mnashika chupa wote, kidole juu ya kidole, kila mtu anakunywa mpaka kwa alama yake, na wa mwisho anapata ile sehemu iko na mate ya ukoo mzima. Sukari ilikuwa kijiko, lakini kijiko cha mgeni kilikuwa na mlima na kijiko cha mtoto kilikuwa na bonde. Na mtu akikwambia anakoenda ni hapo tu, beba mwavuli na chakula.

Namba zilikuwa za kule chai inapimiwa. Baba yangu alikuwa anabeba majani kwa mgongo kila mchana, karani anatundika gunia kwa ndoano, mshale unatetemeka, na wanaume wazima wananyamaza wakiuangalia kama unataka kutaja majina yao. Halafu karani anatoa kidogo, anasema hiyo ni ya gunia na hiyo ni ya maji ya mvua. Baba alikuwa akirudi nyumbani anasema kilo ni ya serikali, gorogoro ni ya watu.

Sasa mama. Mama alikuwa na mimba, na siku moja asubuhi tukiwa kwa majani akashika mgongo, akaketi chini katikati ya mistari ya chai. Tumbo ilikuwa bado ndogo. Walimpeleka hospitali kule Kisii. Mwaka wa nyuma alikuwa ameenda hivyo hivyo, akarudi bila mtoto, na hakuna mtu aliniambia kitu. Niliuliza mtoto ako wapi, magokoro akaniambia nilete kuni. Kwa hivyo safari hii sikuuliza. Nilikuwa naleta kuni kabla ya kuambiwa.

Baba alirudi siku ya tatu. Akaketi kwa kigoda, akamwambia magokoro, "Ni msichana. Wamemweka kwa sanduku ya kioo. Wanasema akifika kilo mbili watamwachilia aje nyumbani."

"Na asipofika?" magokoro akauliza.

Baba akaangalia mlango. "Akifika," akasema tena.

Nilimfuata mpaka kwa ng'ombe. Alikuwa amechuchumaa anakama. "Kilo mbili ni ngapi?" nikamuuliza.

"Ni gorogoro."

"Gorogoro moja?"

"Moja," akasema, na hakuniangalia, alikuwa anafukuza nzi.

Hapo ndipo nilipotea. Niliingia jikoni nikachukua gorogoro ya magokoro, nikaangalia ndani. Nilikuwa nimeona huo mkebe maisha yangu yote na sikuwa najua ni mkubwa hivyo. Ulikuwa na kina kama kisima. Na mdogo wangu alitakiwa aujaze, peke yake, huko kwa kioo, ndio wamwachilie.

Nikaenda kwa Moraa. Mama yake Moraa alikuwa anauza maharagwe soko ya Ikonge, kwa hivyo kwa mambo ya gorogoro yeye ndiye alikuwa profesa.

"Mtoto wa kilo mbili anajaa mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Mpaka kwa mdomo. Ukipitisha mkono juu, mkono inapita sawa. Hiyo ndiyo gorogoro ya haki."

"Na kichwa?"

Moraa alifikiria vizuri, sio haraka. "Kichwa ni nyongeza," akasema. Nyongeza ni ule mkono mmoja muuzaji anakuongezea juu baada ya kupima, ndio urudi kwake siku ingine. Niliona hiyo ni sawa. Mungu naye ni mtu wa biashara, anataka watu warudi.

Jumapili baba akanipeleka Kisii. Akaniacha kwa benchi ndani ya wadi, karibu na kitanda cha mama, akaenda kutafuta uji. Mama alikuwa amelala na mimi sikutaka kumwamsha. Akapita muuguzi mmoja mtu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Mwanangu, umekuja na nani hapa? Baba yako yuko wapi?"

"Baba ako hapo kwa kitanda," nikasema.

"Anaumwa?"

"Hapana. Amezaa."

Muuguzi akaweka sinia chini. "Baba amezaa?"

"Ee. Msichana. Lakini hajajaa."

Kama wewe ni wa kwetu ushacheka. Kwa Ekegusii, mama ndiye anaitwa baba. Yule mwanaume ni tata. Kiswahili nilikuwa nacho cha darasani tu, na mtu akiniambia baba haraka haraka, roho yangu ilikuwa inakimbia kwa mama. Yule muuguzi akamwita mwenzake, "Hebu njoo usikie, huku kwenu wanaume wanajifungua," na yule mwenzake, mtu wa Nyamira kama mimi, akacheka mpaka akashikilia ukuta ndio akamweleza. Halafu wa pwani akanishika mkono. "Haya, twende nikuonyeshe huyu aliyezaliwa na baba."

Sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama kwa dirisha, akaniinua. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtoto mdogo. Sikuwa nimejiandaa kuona mtu. Alikuwa na kila kitu. Alikuwa na kiwiko. Alikuwa na mkunjo kwa paji la uso kama mzee anafikiria shamba. Sikio lake lilikuwa saizi ya njugu iliyopasuliwa katikati, na ndani ya hiyo njugu kulikuwa na vile vinjia vyote vya sikio, hakuna kimoja kimesahaulika. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka sana, kama kitambaa kwa upepo. Pumzi yangu ilifanya ukungu kwa kioo na nikaacha kupumua ndio nisimfiche.

"Anakula ngapi?" nikauliza.

"Kidogo sana, mwanangu. Kila mara maziwa kiasi cha kizibo cha soda."

"Na kilo?"

"Moja na kitu. Ana safari."

Nilikuwa nimebeba mandazi kwa karatasi, nimetoka nayo nyumbani na sikuwa nimeionja. Nikampa. "Ni ya mtoto," nikasema. "Ukiiloweka inakuwa laini." Yule muuguzi akaipokea na mikono miwili. "Nitamwekea," akasema. Sayansi inaniambia aliila na chai. Nilimsamehe zamani.

Sasa mimi na Moraa tulikuwa na namba ya kufanyia kazi. Tulienda mtoni na gorogoro na kizibo cha soda, tukaanza kujaza, kizibo kwa kizibo. Tulihesabu kwa Ekegusii mpaka ikawa nzito, tukaingia Kiswahili, na tukifika mia Moraa akavuka akaingia Kizungu juu alikuwa namba tatu kwa darasa. Tulipotea mara mbili. Mara ya kwanza mimi nilipiga chafya. Mara ya pili ng'ombe ya watu ilikuja ikakunywa utafiti. Mara ya tatu tulifika mia tatu na kitu na maji ilikuwa bado haijafika kwa mdomo wa mkebe, na Moraa akasema mama yake anamwita, na hakuna mtu alikuwa anamwita.

Nilibaki nimekaa hapo kwa nyasi. Nilikuwa naogopa, lakini pia kuna kitu ingine, na hiyo kitu sijapata jina yake mpaka leo. Nilikuwa nawaza, kwanza sio kwamba ile maziwa inakaa hapo ikiwa maziwa. Inaingia nyeupe. Halafu huko ndani, hakuna mtu anaona, inageuka inakuwa ukucha. Inakuwa nyusi. Mimi leo nakanda unga kila asubuhi, na unga, maji na sukari inakuwa mandazi, na watu wanasema Kemunto una mkono. Lakini mandazi haijawahi kuota kope.

Kutoka siku hiyo nilikuwa na maabara chini ya kitanda. Baba akitoka Kisii anamwambia magokoro namba, na mimi naenda kwa gorogoro ya magokoro naweka maharagwe mpaka pale nafikiri hiyo namba inafika. Wiki moja naongeza mkono mmoja. Wiki ingine naongeza nusu mkono. Nilikuwa naweka pole pole, moja moja, zisigongane.

Halafu kuna Jumapili moja baba alirudi na hakusema namba. Alivua viatu, akaomba maji. Magokoro alimletea maji na hakumuuliza. Nilingoja mpaka wakaanza kuongea mambo ya mbolea. Nikaenda kwa kitanda, nikaingiza mkono kwa gorogoro, nikatoa maharagwe kiasi ya mkono mmoja. Sikujua ni ngapi natakiwa kutoa. Nikarudisha tatu.

Jumapili iliyofuata alisema namba kabla hata hajaketi, na nikarudisha zote.

Mwishowe wakasema amefika mbili, na mama alikuja Ijumaa, akitembea polepole kwa njia ya chini, mtoto amefungwa kwa kifua ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, vile walimfundisha hospitali. Magokoro alimpa jina hapo hapo, Kwamboka, ambalo maana yake ni kuvuka mto. Nilitaka kuona kama amejaa lakini hawakumfungua. Nilisikia tu mama akimwambia magokoro jikoni, "Jumatatu tunarudi kupimwa. Wakipata amepunguza, anarudi kwa kioo."

Nikaamua mimi na Moraa tumpime kwanza kabla yao. Jumamosi ilikuwa Sabato, kwa hivyo hata sayansi ilipumzika. Jumapili mama alienda kuoga nyuma ya nyumba, magokoro alikuwa anakata mboga kwa shamba, na mtoto amelala kwa kitanda katikati ya blanketi. Nikapiga mluzi. Moraa akaingia na gorogoro ya mama yake, ile ya sokoni, juu alisema ya magokoro imebonyea chini na iliyobonyea ni ya wezi. Tuliiosha na maji moto. Tukaweka leso ndani.

Sasa tumefika pale nilianzia. Miguu iliingia. Mapaja yakaingia. Kwa kiuno akasimama, miguu imegonga chini. Nikaangalia ndani ya mkebe: nafasi ilikuwa imebaki pande zote za miguu. Ungeweza kumwaga maharagwe hapo vikombe viwili na zaidi.

"Hajajaa," nikasema. "Moraa, hajajaa. Watamrudisha."

"Si uone yenye imebaki huku juu," Moraa akasema.

"Kichwa ni nyongeza, ulisema."

"Nilisema kichwa. Sikusema mtu mzima."

Hapo Kwamboka akaamka. Hakulia. Alikunja hiyo paji yake ya kizee, akasukuma chini ya mkebe na miguu, mkebe ukalia tii, akapanda kidogo kwa mikono yangu. Akasukuma tena. Tii. Miguu ilikuwa kama vidole vyangu na nilisikia nguvu yake ikinipanda mpaka kwa mabega.

"Mnafanya nini?" Ilikuwa mama, kwa mlango, maji ikimtoka kwa nywele.

"Tunampima," nikasema.

Magokoro alikuwa nyuma yake na mboga. "Mmepata mnunuzi?" akauliza.

Mama alikuja akamchukua mtoto, polepole, kama mtu anatoa sufuria kwa moto. Nilingoja kofi. Moraa tayari alikuwa anaangalia dirisha. Lakini mama aliketi chini, hapo hapo kwa sakafu, akaniambia nieleze, na nilieleza yote: kilo mbili, gorogoro, vizibo, maharagwe yenye nilitoa na zile tatu nilirudisha, na ile nafasi imebaki. Nikamwambia hajajaa na Jumatatu wataona. Mama akafunika uso na ile nguo ya mtoto. Mabega yake yalikuwa yanatingika na sikujua kama ni kicheko. Nafikiri yeye pia hakujua.

"Nani alikwambia mtu anajaa gorogoro?"

"Tata."

Jioni tata aliambiwa anieleze kilo ni nini. Alieleza mpaka ugali ikapoa. Alisema ni uzito, sio ukubwa. Akanipa kilo ya sukari kwa mkono huu na gunia tupu ya chai kwa huu. Nilitingisha kichwa kuonyesha nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa naona tu ile nafasi.

Jumatatu shuleni sijui walifundisha nini. Niliporudi hawakuwa wamefika, nikapanda juu kwa majani penye unaweza kuona barabara. Jua lilikuwa limeshuka kabisa waliposhuka kwa lori ya chai, baba mbele, mama nyuma, na sikuweza kuona kifua cha mama kwa sababu ya shuka. Baba aliniona. Alisimama katikati ya njia, akaita namba kwa sauti, mbele ya majirani, namba na robo yake, kama karani wa chai anayemsomea mtu mzigo mzuri. Hakutoa ya gunia, hakutoa ya mvua.

Nilikimbia mpaka kwa kina Moraa. Alikuwa amekaa kwa mlango na ungo kwa mapaja, anachambua maharagwe ya mama yake, anatoa mawe. Nikamwambia Kwamboka ameongeza, amepita mbili. Alisema "sawa" kama mtu aliyekuwa anajua. Basi nikamuuliza ile kitu ilikuwa bado inanisumbua: kama amepita gorogoro, mbona nafasi ilibaki?

Moraa alichambua kidogo, akatupa jiwe moja kwa nyasi.

"Kemunto," akasema, "maharagwe ukiitikisa inashuka, inajaza nafasi. Huyo wenu akijitikisa anapanda."